Mgiriki Wangu na Firigisi ya Andayi

Jumapili. Mvua ya Kakamega imenyesha tangu watu watoke kanisani, na mimi nimechoka hadi kucha.

Leo Mama alichinja jogoo. Mdogo wangu Andayi, mwalimu wa sheria chuo kikuu, ameitwa awe waziri wa kaunti, na kesho anatakiwa ajibu. Sahani ikazunguka, na firigisi, ile imondo yetu, haki ya mwanamume mkubwa wa boma, ikatua kwake.

Mkubwa ni mimi.

"Wewe unaikulanga kila siku," Mama akasema. "Leo tuko na waziri."

Nikacheka. Mtu mzima niliyempikia waziri kule Athene, Ugiriki, nigombanie firigisi?

Nilimpikia kweli, hakuna asiyejua kuanzia hapa mpaka Ekero. Nilipoanza kazi kwake alikuwa profesa wa sheria tu, koti limechakaa viwiko. Kila Ijumaa wanafunzi walijaa mezani wakambishia hadi nyama ya kondoo ikaganda mafuta. Hata mimi niliyeishia darasa la saba aliniuliza, "Wewe unaonaje?" Nami nikaona, kwa Kigiriki changu cha sokoni!

Halafu serikali ikamwita. Magari, walinzi, suti. Ijumaa wakawa wanakuja watu wa kuitikia kila neno, na nyama ikaliwa ikiwa moto. Kisha akapitisha sheria ya kubana wafanyakazi, na wanafunzi walewale wakasimama chini ya dirisha wakiimba jina lake vibaya. Akaniambia nifunge pazia.

Hiyo ya pazia huwa siisimulii. Watu wanapenda magari.

Leo niliisimulia. Mama akawaka, "Sasa unamroga ndugu yako?" Mke wa Andayi akasema huo ni wivu wa firigisi. Hakuna aliyeniamini. Nimewazoesha vichekesho, nimlaumu nani?

Andayi peke yake aliacha kula. "Na alipotolewa uwaziri?"

Nikamwambia. Simu zilinyamaza. Ijumaa hiyo kengele ya mlango ikalia mara moja tu: mwanafunzi mmoja wa zamani, yule mbishi kuliko wote. Walibishana mpaka nyama ikaganda, na profesa akacheka hadi machozi yakamtoka.

Andayi akachukua kisu, akakata firigisi katikati, nusu akaiweka kwangu.

"Ndugu, kazi nitaikubali. Lakini kila Ijumaa nakuja kwako. Unipinge."

Mama akapiga vigelegele. Mimi nikaimeza ile nusu, ikashuka kama jiwe.

Miaka yote nimekuwa mtu wa hadithi za magari. Sasa nimepewa kazi ya nyama baridi, na huyu ni mdogo wangu, siwezi kumfungia pazia.

Nimpinge na nini, mimi huyu?

Nyinyi mnaosomanga hapa, nani ana katiba aniazime? Ijumaa si mbali.