Sukari Yangu na Bei Zake

Jumatatu, 4 Machi 1963

Sisimizi chooni tena, wanafuata mkojo wangu. Nimewamwagia majivu, wakarudi na jamaa zao. Echati kawaona. Binti yangu huyu kaja kutoka Mahajanga kunitazama siku chache, lakini macho yake hayapumziki. "Baba, hiyo ni sukari." Nikamwambia nimepima miwa kiwandani tangu ujana, kama ni sukari basi imenirukia tu. Hakucheka. Kaka yangu alikatwa mguu kwa maradhi haya. Echati kasema nikionekana ninayo, nafunga nyumba hii ya Marodoka, hapa Nosy Be, nahamia kwake. Ua wa kwake una kuta pande zote, na yeye katikati.

Sitaki. Naandika kwa Kiswahili cha chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu, yeye hajui kukisoma. Sitaki, sitaki.

Jumanne, 5 Machi

Zahanati ya masista. Bei ndogo, kama chana moja la ndizi. Sharti ni moja: uje na chupa yako. Nikaokota moja jikoni, nikaisuuza, nikaijaza. Sista akachemsha mkojo wangu na dawa ya buluu juu ya moto wa spiriti. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, mwisho nyekundu kama tofali. Akafanya ishara ya msalaba. "Dadilahy," akaniambia, maana yake babu, "nyingi kabisa."

Rangi zote hizo kwa bei ya ndizi! Nusura nimpigie makofi.

Echati kaanza kukunja mashuka yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari Mfaransa, mjini Hell-Ville. Nimevaa shati la viraka, maana sisi watu wa Marodoka tumefunzwa hivyo: ukienda kununua, vaa umaskini. Mwuguzi wake, binti wa Kisakalava, hata hakulitazama. Akataja bei ya bata bukini wawili. Nikamwambia masista wananitoza ndizi.

"Basi nenda kwa masista, dadilahy."

Nikauliza, nikitoa mkojo nusu, nitalipa nusu? Akaita mgonjwa mwingine. Nikatembea polepole mpaka mlangoni ili aniite. Duka lolote wangeniita. Hakuniita. Nikarudi mwenyewe, kama mbuzi.

Akanipangia kesho asubuhi, tumbo tupu.

Ijumaa, 8 Machi

Bilauri ya daktari mwenyewe, inang'aa, nikaona haya kuichafua. Jibu: hakuna sukari. Hata chembe. Mabata wangu wamesema kweli!

Echati anasema nimenunua jibu. Yeye kashika la rahisi, mimi nimeshika la ghali. Wanaonijua sokoni wangecheka mpaka walie. Maisha yangu yote sijapata kuitetea bei kubwa.

Tumekubaliana hospitali ya Mahajanga ikate shauri. Nauli kalipa yeye. Mtego huu. Najua ni mtego, naingia.

Jumatano, 13 Machi

Mahajanga. Nimetapika njia nzima. Echati hakutapika. Hata bahari inamwogopa.

Alhamisi, 14 Machi

Hospitali ya serikali. Kupimwa ni bure! Nikaingiwa na shaka papo hapo. Tumekaa kwenye benchi tangu alfajiri mpaka adhuhuri, mimi natafuna mkate, jirani yangu, mzee wa kijiji cha Boanamary, anakohoa. Kaniambia hapa unalipa kwa matako. Kweli. Yangu nimeyalipa yote.

Fundi wa maabara, Mngazija, kanitoa damu pale pale benchini. Nikamwuliza kwa nini kwingine ndizi, kwingine bata, hapa bure. Akajibu bila kuinua kichwa. Masista wanatumiwa dawa na watu wa kwao, na chupa unaleta wewe. Daktari ananunua dawa, vioo, spiriti, analipa kodi ya nyumba, analipa mwuguzi. Hapa serikali inalipa. "Yaani umelipa wewe, mzee, kwenye kodi yako." Nikamwambia basi anirudishie, kodi yenyewe nililipa kwa shingo upande.

Hapo Echati akanigeukia polepole.

"Baba. Kwa masista ulipeleka chupa gani?"

Nikatazama dari. Dari haikunisaidia.

"Ile ya asali ya miwa."

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee wa Boanamary nusura amalize kikohozi chake chote.

Mimi nikacheka kuliko wote. Nimeshinda!

Ijumaa, 15 Machi

Jibu bado. Echati anashona. Alipoachika aliujenga ua huu kwa pesa za cherehani moja tu. Nimeswali msikitini nikiutazama mguu wangu wa kulia. Nauogopea. Ni mguu mbaya, wenye magaga, lakini ni wangu.

Jumamosi, 16 Machi

Ipo. Kidogo, lakini ipo. Kwa masista ilizidishwa na asali yangu chupani. Kwa daktari nilikwenda na njaa, ikawa bado imelala. Fundi kasema niache vitamu, nipimwe kila mwezi.

Nimeshindwa. Jioni nimezunguka ua wa Echati nikichagua kona ya kukaa. Zote ni mbaya.

Jumatatu, 18 Machi

Chai bila sukari. Nimeinywa.

Echati hakutaja kuhama. Alitoka asubuhi, karudi kutoka bandarini na tikiti za Nosy Be. Mbili. Kaiteremsha cherehani mezani, kaizungushia godoro. Anasema nguo zinachanika hata Marodoka.

Nimemshikia ncha ya kamba, naye akafunga fundo.