Pete ya Bakteria na Kiti cha Baba

Butembo, Alhamisi. Ukungu haujaondoka huku mtaani Kimemi tangu asubuhi, na mawese aliyonitumia mama kutoka Beni yameganda chupani. Kwetu Beu, mtaa wa huko Beni kwenye joto, hayagandi hivi.

Leo tumefundishwa plasmidi: pete ndogo ya DNA iliyomo ndani ya bakteria, kando ya kromosomu yake. Pete hiyo hutengeneza sumu inayodumu, pamoja na kiuasumu kinachooza upesi. Bakteria ikigawanyika na mtoto mmoja akaikosa pete, hurithi mabaki ya vyote viwili. Kiuasumu huisha, naye hawezi kutengeneza kingine. Sumu hubaki, humdumaza au humuua. Ndiyo maana, kizazi hadi kizazi, wanaostawi ni wenye pete.

Nilisimama, kama kawaida yangu. Ni haki gani hii, nikauliza, inayomwadhibu mtoto kwa kuzaliwa mikono mitupu? Nikaiita pete dikteta!

“Camarade, ikala kwanza,” mwalimu akacheka. “Bakteria haina comité.”

Darasa zima likaangua kicheko.

Jioni mama amepiga simu. Jumamosi wakwe watamletea mbuzi wa mahari dada yangu Masika. Mimi ni Paluku, mtoto wa kwanza wa kiume. Tangu baba afariki, siku kama hiyo kiti chake ni changu.

“Paluku, hapana kuya huku. Njia haiko muzuri, waasi wanaua watu.”

“Mais mama, nani ataikala ku kiti ya papa?”

“Kiti itabakia. Mimi nataka mutoto, hapana maiti. Donc, mawese ulipata?”

“Nilipata, mama.”

Hayo tu. Mimi ninayetikisa mikutano ya wanafunzi!

Sasa naielewa pete ile kwa namna ambayo ubao haukunieleza. Sauti ya mama hunituliza, kisha simu hukatika, na utulivu wenyewe haudumu. Hamu ya nyumbani ndiyo inayodumu. Nimeiita dikteta mbele ya wote, lakini pete yangu ni Beu; nani angethubutu kuning’olea kifuani?

Nimempigia tena. Nimemwomba Jumamosi aiweke simu kwenye kiti cha baba, sauti juu, wakwe wanisikie. Amesema, “Sawa, papa.”

Hajawahi kuniita hivyo.

Nimesogeza chupa karibu na mbabula, jiko langu la makaa. Mawese yanaanza kulainika, na chumba kizima kinanukia kwetu. Hotuba nimezitoa nyingi. Jumamosi, kutoka kwenye kiti nisichokikalia, nitaanza na neno gani?