Chupa za Bibi Yake Agnesi

Mdogo wangu Vero,

Hamjambo hapo nyumbani? Huku Ifakara nilikokuja kufundisha kwa muda wamenipokea vizuri, nashiba wali na perege hadi sketi inabana, lakini leo nakuandikia roho haijatulia.

Juzi niliwaambia watoto wa chekechea walete chupa tupu za plastiki, tuzifukie nusu kuzunguka bustani ziwe ukingo, badala ya kuziacha zizagae mitaroni. Agnesi alikuja na furushi zima. Tulimpigia makofi ya kilo. Niliona majivu ndani ya chupa zake, nikaziosha tu bila kuuliza.

Leo asubuhi bibi yake kaja. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akasimama akiitazama bustani.

"Mwalimu, humo chupani nilihifadhi mbegu zangu kwenye majivu. Ile ya maboga nilitoka nayo Mahenge nilipoolewa. Mtoto kazimwaga uani, kuku wamemaliza."

Nikasema nitamnunulia nyingine dukani. Akashukuru, ila akasema boga lile dukani halipo. Kisha akaniomba Agnesi asiambiwe, maana tangu juzi pale kwao hana hadithi nyingine ila yale makofi.

Mvua zimeanza, Vero, na majirani zake wote wanapanda.

Msalimie sana mama, umkumbatie kwa niaba yangu. Zile chupa zake za juu ya kabati, ninazomsumbua kila likizo azitupe, mwambie aziache zilivyo.

Dada yako,
Stela