Mfu wa Sinema

Yeoville, Johannesburg
7 Mei 2023

Kwako Yaya Jocelyne, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, nakula, nalala, na kazini bado wananipenda. Nyinyi je? Presha ya Mama inasemaje? Watoto wako wameacha kukohoa?

Najua umenipigia ukachoka. Simu yangu waliiba Jeppestown, nimesimama kwenye robot, hizi taa za barabarani, nasubiri kuvuka. Namba zenu zote zimekwenda nayo, maana kichwa changu unakijua, hata yangu mwenyewe siikumbuki. Barua hii nampa Murielle, yule muuza vitenge, anakuja huko kwa basi. Nyuma ya karatasi nimeweka namba ya Exaucé, kinyozi ninayeishi naye. Ni mtoto wa Lubumbashi, hajui mtu Uvira, mdomo wake hauna breki lakini roho yake nzuri. Ukiandika kwenye namba hiyo nitapata.

Sasa kaa chini nikupe habari. Ile nyumba kubwa ninayolinda kule Observatory imegeuzwa Amerika. Wazungu wana siku yao ya kutishana, mwisho wa mwezi wa kumi, inaitwa Halloween, na kila mwaka hutoa sinema za mizimu kwa ajili yake. Hii wanayopiga kwetu ni hadithi ya zamani, kila mtoto wa Amerika anaijua. Mwenye kinu cha unga anakufa, anazikwa, halafu kila mwaka majira yale ngazi za nyumba yake zinakutwa na nyayo nyeupe za unga, na aliyepanda haonekani. Wameshaitengeneza mara nyingi. Walituonyesha za zamani ili tuelewe: moja haina rangi wala sauti, mfu wake ni mzee wa Kizungu anayekodoa macho mpaka unacheka. Nyingine ya juzijuzi ina damu ndoo nzima, na hadithi yenyewe haina damu hata tone!

Bosi wa sinema ni mama mmoja Mmarekani. Anasema safari hii mwenye kinu atakuwa mtu mweusi, na ataonekana mwanzoni tu, amelala ndani ya jeneza, uso umepakwa unga. Akauliza nani atalala. Wazimbabwe wakaangalia viatu vyao. Wakongo wakasema, "Eh, mimi hapana, pasta atanifukuza." Nikanyoosha mkono. Yaya, mdogo wako ataonekana mpaka Amerika! Tunapiga wiki ijayo. Mama mwambie nimepata sinema, habari ya jeneza iache kwanza.

Mdogo wako,
Placide


Uvira
25 Juni 2023

Placide,

Salamu sijui nikupe ya namna gani. Nakuuliza kama u mzima, na safari hii nataka jibu la kweli.

Murielle alishuka kwanza Lubumbashi, akaugua huko, akafika hapa juzi. Alipoingia na barua yako mkononi, Baba Mkubwa Jumbe alimfukuza, akasema ni tapeli. Mimi niliiokota mlangoni. Mwandiko wako naujua, ndimi niliyekupiga kwa ajili yake darasa la pili. Nimeisoma nimejifungia chooni, mkono mdomoni.

Mdogo wangu, tulikuzika.

Mwisho wa mwezi wa tano Duni, jirani yetu, alikuja na simu yake, hajui aanzie wapi. Ilikuwa picha yako. Umelala ndani ya sanduku, mikono tumboni, uso mweupe, mishumaa pande zote mbili. Chini mtu ameandika "Adieu, Placide wa Joburg," yaani buriani. Ilikuwa imeshazunguka kwenye magroupe yote ya WhatsApp ya Wakongo. Na wiki hizo hizo redio ilikuwa inasema wageni wanapigwa huko kwenu. Tukapiga simu yako, imezimwa. Tukapiga tena siku nyingi. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Mwili hatukuwa nao, wala wa kumuuliza ulipo. Wazee wakafanya kama walivyomfanyia babu alipozama ziwani. Wakakata shina la mgomba urefu wako, wakalivisha lile koti lako la kahawia, wakalifunga shuka, tukalililia, tukalizika nyuma ya nyumba pembeni ya baba yetu, Papa. Mama alinyoa. Alianguka pale kaburini, na tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto ni mzito.

Nilimwonyesha Baba Mkubwa barua. Aliisoma mara mbili. Halafu akasema hivi, na unajua yeye ndiye mkubwa tangu Papa afariki: mtu akishazikwa, nyumba yake haizungumzi naye kwa mdomo mpaka yeye mwenyewe aje, kaburi lifunguliwe mbele yake, alivuke. Akiitikiwa kabla, kaburi linamfuata popote alipo. Basi usipige simu. Kuandika hakukutaja, ndiyo maana nakuandikia kwenye namba ya Exaucé.

Yaya yako,
Jocelyne


Yeoville
26 Juni 2023

Yaya wangu,

Mimi ni mzima. Nakujibu kweli: nilikuwa mzima mpaka jana.

Kwanza nilicheka. Nilimsomea Exaucé nikicheka, nikamwona anakaa chini taratibu. Picha aliipiga yeye. Alikuja na bakuli la unga kusaidia kunipaka, na picha zilikuwa zimekatazwa, kwa hiyo alijificha nyuma ya pazia, na pale alipojificha taa na kamera hazikuingia kwenye picha. Kwake ilikuwa mchezo, akaiweka kwenye status yake na maneno yale. Sasa analia tangu asubuhi, wateja wamerudi nyumbani nusu kichwa kimenyolewa. Sina nguvu ya kumkasirikia, na nikimkasirikia nitamvunja shingo.

Nimepiga, Yaya. Samahani. Nilipiga simu yako mara nyingi, hukupokea, nikajua umekaa unaiangalia inalia.

Mimi si mtoto wa kijijini wala wewe. Tumesoma, tunasali. Mwambie Mama hakuna kaburi linalofuata mtu. Mwambie aseme neno moja tu, hata anitukane. Watu wangapi wamekufa huku na mama zao hawajui, na mimi niko hai, mama yangu ananikimbia? Naona wivu kwa lile shina la mgomba. Lilipata machozi yake yote.

Koti langu mngeniachia, lilikuwa zuri.

Mdogo wako anayepumua,
Placide


Uvira
14 Julai 2023

Mdogo wangu Placide,

Natumaini baridi ya huko inakuhurumia. Sisi tunaamka, ndiyo shukrani yetu ya sasa. Mama anakula uji.

Usiseme Mama anakukimbia. Ukisema tena nitakuja huko kwa miguu nikuzabe kofi.

Nilimsomea barua yako. Alianza kwa kuziba masikio, mkono mmoja unaziba, mwingine hauinuki vizuri, kwa hiyo alisikia yote upande mmoja. Nilipomaliza akauliza, "Amekonda?" Nikasema sijui. Akasema, "Uliza." Halafu akalia mpaka nikaogopa presha.

Nilimgombeza, nakuambia ukweli. Nikamwambia Mama, wewe ni wa kwaya, unaamini vipi maneno haya? Akaniambia: "Siamini. Lakini kama ni kweli? Nikimwita akafa, utanirudishia nani?" Wewe una jibu? Alishamzika mume, alishakuzika wewe mara moja. Anaogopa mdomo wake mwenyewe. Jina lako halitaji, anasema "yule wa mbali." Sahani yako ameirudisha kabatini, hataki mtu ailie.

Baba Mkubwa hafungui kaburi bila wewe kuwepo. Nimempigia magoti. Anasema hataki damu yako mikononi mwake, naye pia analia, mzee yule, usidhani ni jiwe. Njia ni moja, uje. Njoo hata kwa siku chache, uvuke, umkumbatie, urudi kwenye maisha yako.

Na ujibu: umekonda?

Yaya yako,
Jocelyne


Yeoville
1 Novemba 2023

Yaya Jocelyne,

Salamu kwako, kwa watoto, na kwa yule wa karibu ambaye naye hataji jina langu. Nimekonda kidogo, mwambie kidogo tu.

Nimekaa kimya kwa sababu ya karatasi. Kibali changu cha ukimbizi kilikuwa kimekwisha, kila wiki naambiwa njoo wiki ijayo. Bila kibali nikitoka sirudi. Nilingoja nikichagua, na kila siku niliyochagua Johannesburg nilijichukia. Sasa nimeacha kungoja. Nimewaaga kazini, namaliza mwezi huu. Murielle anaondoka wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, nimeshalipa nafasi kwenye basi hilo hilo. Nakuja na sirudi, eish, watakaonikumbuka huku ni ndege tu. Nitavuka kaburi lolote mtakaloniambia, mbele nyuma, kwa mguu mmoja mkitaka.

Jana ilikuwa Halloween yao. Watoto wa Observatory walikuja getini na vinyago vya plastiki, wanaomba peremende, mmoja amejipaka unga uso mzima. Sinema imetoka, wote wameiona. Yule mtoto akaniambia kwa Kiingereza, "Mimi ni yule mfu." Nilimpa peremende zote nilizokuwa nazo mfukoni nikaingia kibandani.

Sijaiangalia. Exaucé anasema ni nzuri kuliko zile za zamani, haina kelele, watu wanaogopa ngazi tu. Ameituma kwako ingawa nilimwambia asitume, unajua mdomo wake na vidole vyake ni ndugu. Usimwonyeshe Mama. Amenilia ndani ya sanduku mara moja, yatosha.

Mwambie mwezi mmoja na kidogo tu.

Mdogo wako,
Placide


Uvira
12 Novemba 2023

Placide, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Kama umesimama, keti. Kama uko peke yako, mwite Exaucé kabla hujaendelea.

Sinema nilimficha. Lakini mtaa mzima ulikuwa umeshaiona, watoto wakipita mlangoni wanaigiza mfu. Jumatatu Mama akavaa kitenge chake cha kanisani, akasema anakwenda kwa Duni kwenye televisheni kubwa. Baba Mkubwa akasema haifai. Mama akamwambia, "Ulikataza kuzungumza. Huko anazungumza?" Mzee akampisha mlangoni.

Sanduku lilipotokea nilimshika bega. Hakulia. Alisogea mpaka pua karibu iguse kioo. Akasema, "Anapumua." Tukamwambia Mama, ni sinema. Akasema, "Najua ni sinema, mimi si mjinga. Angalieni tumbo." Duni akarudisha nyuma. Na kweli, Placide. Chini ya mikono yako shati linapanda mara moja, kidogo sana, linashuka. Wazungu wote wale na kamera zao hawakuona. Mama akacheka. Tangu mwezi wa sita sijamsikia akicheka. Akasema, "Huyu tangu mtoto hajui kujificha. Unamkuta nyuma ya pipa anahema." Akataka arudishiwe tena na tena, mpaka chakula cha Duni kikaungua.

Asubuhi yake nilimkuta nyuma ya nyumba na jembe, mkono mmoja unachimba, mwingine unaegemea. Nikataka kumpokea akanifukuza. Baba Mkubwa alikuja anapiga kelele, majirani wakajaa. Mama akamwambia mbele ya wote: "Mlinizikisha mtu anayepumua. Nimemwona kwa macho yangu. Atakayenizuia na aingie humu yeye." Hakuna aliyesogea. Kisha Baba Mkubwa akavua viatu, akashika koleo, wakachimba wote wawili mpaka chini. Shina lilikuwa limeoza, wakalitoa vipandevipande, Mama akalitupa mwenyewe kwenye jalala. Kisha akasimama wima akaita jina lako. Placide! Aliliita kwa nguvu, mara nyingi, akielekea huko uliko, mpaka sauti ikamkauka. Kama ulisikia kitu Jumanne ile, ni yeye.

Nikampa simu. Nilikuwa nimeshabonyeza namba. Akaniambia ngoja, sauti imekwisha, na mwili wote udongo. "Nioge kwanza, nipumzike kidogo, nimsemeshe vizuri. Nina mengi ya kumtukana." Akaoga, akajipaka mafuta, akalala. Nilimwacha alale kwa sababu uso wake ulikuwa umetulia. Nilipokwenda kumwamsha kwa chakula alikuwa ameshakwenda.

Nisamehe sikukuandikia siku ile ile. Vidole vilikataa.

Tulimzika Alhamisi. Hatukuchimba kwingine. Tulimweka pale pale karibu na Papa, kwa sababu kaburi alikuwa ameshalichimba yeye mwenyewe.

Baba Mkubwa Jumbe anasema nikwambie hakuna tena cha kukuzuia, nyumba inaweza kuzungumza nawe. Piga simu, Placide. Nimeiweka hapa magotini. Nitapokea mimi.

Yaya yako,
Jocelyne