Neno la Upepo Nililokubakizia

Milimani juu ya Hedaru, Same
14 Juni

Mwanangu Prisca,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Kitabu chenu cha istilahi za nishati na mazingira kimefika, Kiingereza, Kiswahili na Chasu, Kipare chetu, bega kwa bega. Ahsante sana. Nimekionyesha watu kanisani mpaka mchungaji akanikumbusha kwamba ibada imeanza.

Ila ukurasa wa tisa nimeukosoa kwa kalamu nyekundu. Mmeandika kwamba ndiva ni bwawa, basi. Ndiva tunaitoa tope wote siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na asiyekuja na jembe tunamtoza mbuzi. Usiku inajaa, asubuhi naifungua mimi maji yaende mashambani. Andikeni hivyo.

Sasa niseme lililonishinda kwenye simu. Tangu tumzike mke wangu, mama yako mkubwa Magreth, nyumba hii ilikuwa kimya. Kisha ukaanza kupiga kila Jumapili kuuliza maneno ya Chasu ya kitabu chenu, nami nikikujibu, "Ngoja nikaulize wazee, Jumapili ijayo nitakuambia." Wazee gani, Prisca? Maneno yote niliyajua tangu siku ya kwanza. Nilikupa moja moja ili upige tena. Mungu akubariki kwa subira yako.

Unasema kazi imekwisha. Haijaisha. Kuna upepo unaotangulia mvua za vuli, una jina lake, na kitabuni haumo. Sikuandikii hapa; ukilitaka, piga simu.

Jumapili nitakuwa nyumbani kuanzia saa saba.

Baba yako mkubwa,
Eliufoo