Mkono Wako Kwenye Gia

Free Area, Nakuru
Jumatatu, 12 Mei 2025

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama na wote hapo Kuresoi. Mguu unaendeleaje na baridi hii? Viazi vimeponea ukungu? Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama. Ningepiga simu, lakini ukikasirika huwa unakata, na haya siwezi kuyasema nusu. Ndiyo maana nimemwomba jirani yetu Chepkorir akuletee mkononi.

Chuoni tunaendelea. Mwezi uliopita mwalimu wetu wa magari makubwa, Bi. Wangeci, alitaka kila mtu aandike uwezo wake na kazi anayoitaka maishani. Wavulana walijaza kurasa mbili mbili; ukiwasoma utadhani wote wameshafungua kampuni. Mimi nilikaa na karatasi tupu wiki nzima. Mwishowe niliandika kwamba nina masikio, nikisikiliza injini najua inaumwa wapi, na kwamba nataka kukagua breki za malori. Aliniuliza kwa nini breki. Nikamwambia baba yangu alianguka na lori kwenye mteremko wa Salgaa kwa sababu fundi alifunga breki vibaya. Ndivyo ulivyotuambia, na nilisema bila kusitasita.

Wiki iliyofuata akatufundisha kuhusu mteremko. Alisema kuna madereva wanaoweka gia frii, yaani katikati, wakishuka ili lori lisinywe mafuta. Breki zinabaki peke yao na mzigo wote, zinaungua, zinakataa kushika, hata kama zilifungwa jana yake na fundi hodari. Akasema utajua kwa injini kunyamaza ghafla. Baba, nilitoka darasani kabla hajamaliza.

Najua ulikuwa umeniombea nafasi ya mazoezi ya kazi kwa rafiki yako Lewis, kule Gilgil. Sikwenda. Niko Salgaa wiki ya pili sasa, kwa Naftaly. Ndiyo, fundi yule yule uliyetukataza hata kumtaja. Usirarue barua, tafadhali maliza. Siku hizi hana gereji. Anafanya kazi chini ya turubai nyuma ya hoteli, kwa kuwa tangu ajali ile madereva wenzako hawamwachii lori. Ni mpole mpaka anaudhi. Juzi nilimuuliza kuhusu ajali hiyo, kana kwamba nimeisikia tu kwa watu. Alisema breki zile alizifunga yeye, na mpaka leo huzifungua tena kichwani, nati moja moja, akitafuta alikosea wapi. Nilishindwa kumtazama.

Hajui mimi ni nani. Ananijua kama Mercy tu, jina langu la ubatizo. Lakini Ijumaa Bi. Wangeci anakuja kunikagua, na faili yangu ina jina lako.

Sasa niseme lenyewe. Siku ile nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa kiti cha kando. Polisi hawakuniuliza kitu, Mama alinikalisha kimya hospitalini, na wewe hukuwahi kutaka kujua niliona nini. Niliona mkono wako ukirudisha gia katikati. Injini ikanyamaza. Ukacheka, ukaniambia nisikilize, lori linapumzika. Miaka kumi na miwili nimeyaweka maneno hayo kama mzaha mtamu wa baba yangu, kumbe ndiyo ajali yenyewe. Sikuchukii. Nina hasira, na nakupenda.

Njoo Alhamisi. Nitakungoja steji ya Salgaa tangu asubuhi, twende kwake pamoja umwambie mwenyewe, nami nitasimama kando yako. Usipokuja, Ijumaa nitamwambia mimi kabla faili haijafunguliwa. Jumamosi nitakuja nyumbani, na ukitaka kunifukuza utanifukuza.

Mwambie ndugu yangu Kipngetich kitabu chake cha hesabu nimekipata. Nisalimie majirani, na nyanya yetu Gogo umshike mkono kwa niaba yangu. Mama usimsomee barua hii. Mwambie kwa mdomo wako.

Ni mimi binti yako,
Jepkemei