Mawaridi ya Kitambaa

Combe Abbas, Dorset
6 Oktoba

Kaka yangu mpendwa Rowland,

Nakusalimu wewe, wifi Maureen na watoto. Natumai goti lako limepata nafuu, ingawa najua hukubali kupumzika. Sisi huku wazima, ila mvua ndiyo haituachi.

Nilikuambia kwenye simu kwamba watu wa filamu wameipenda nyumba yetu kwa paa lake la nyasi. Basi walipofika wakaona haijazeeka vya kutosha. Waling'oa dishi, wakaficha madirisha ya plastiki, wakazipaka kuta masizi, wakatambaza mawaridi ya kitambaa juu ya mlango. Ndani wakaweka jiko la makaa, birika jeusi na kiti cha kubembea. Jirani yetu Bwana Pargeter alinicheka, ati nyumba yangu inalipwa kwa kuzeeka ilhali yeye amezeeka bure.

Siku hizo Mama alikaa kwa Bwana Pargeter. Hali yake unaijua: kila jioni huchukua mkoba, akasimama getini, akalia apelekwe kwao, ilhali alizaliwa katika nyumba hii hii. Wewe ukasema nyumba ya wazee ndiyo dawa, nami nikakubali shingo upande.

Filamu ilipokwisha nilimrudisha, kabla wenyewe hawajapakia vitu vyao. Alisimama mlangoni, akayagusa yale mawaridi, akaingia, akavua kofia na kuketi karibu na jiko. Kisha akaniambia, "Mbona mmechelewa hivyo kunileta nyumbani?" Nililia, Rowland, mbele ya wageni, wala sikuona haya.

Sasa usikasirike. Niliwaomba waniachie kila kitu kama kilivyo, wakakubali. Friji uliyotununulia iko bandani, televisheni nimempa Bwana Pargeter. Na kile chumba cha nyumba ya wazee nimeshawaambia wampe mtu mwingine. Tangu siku ile Mama hajaugusa mkoba.

Moja tu linaniuma. Ananiita Edie, yule dada yake aliyefariki kabla sisi hatujazaliwa. Mwanzoni nilimsahihisha, nikaona macho yake yanarudi mlangoni. Siku hizi naitika.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Njoo Krismasi, tutakuokea viazi kwenye jiko lile, vinatoka vizuri kuliko vya zamani.

Ni mimi dada yako,
Hester

Ukija, mbele ya Mama niite Edie.